Mkono Uliojua Chumvi

Nilianza kuchemsha dagaa nikiwa na miaka thelathini na minne, na kabla ya hapo hata samaki mbichi nilikuwa namshika kwa vidole viwili. Mimi ni mtu wa bara. Nimekulia kwenye migomba na baridi, na dagaa tuliowajua kwetu walikuja wameshakauka, ndani ya gunia, kana kwamba walizaliwa humo. Hapa Dar nilikuwa karani kwenye ofisi ya mizigo. Ofisi ikapunguza watu, nami nikapunguzwa. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na wakati huo tulikuwa tumeanza kujenga Goba, nyumba imefika kwenye linta na kugoma. Mama mmoja tuliyesali naye jumuiya akaniambia, kama huna aibu, njoo Kunduchi ufanye kazi ya dagaa. Nikamjibu kwamba aibu ni ya watu wenye mishahara. Nilikuwa na mdomo sana.

Kazi yenyewe ni hivi. Wanaume wanavua usiku kwa taa, asubuhi wanashusha ndoo, wanauza, wanakwenda kulala. Kuanzia hapo mwanamume humwoni tena mpaka aje mnunuzi. Sisi tunanunua kwa ndoo, tunaosha kwa maji ya bahari, tunachemsha kwenye masufuria makubwa yenye maji ya chumvi, tunaopoa kwa matenga, tunachuja, halafu tunaanika juu ya chanja, zile meza ndefu za miti zilizotandikwa nyavu kuukuu. Moshi wa kuni unakula macho, chumvi inakula vidole. Lakini msikilize mtu yeyote akieleza habari za uvuvi, atakueleza mashua na nyavu, kisha dagaa atawaruka mpaka sahani. Hapo katikati hakuna mtu. Hapo katikati ndipo nilipo mimi, kwa miaka tisa sasa.

Jirani yangu wa jiko alikuwa mama wa pale pale, amenizidi miaka kama kumi, mjane mwenye binti mmoja aliyekuwa bado shule. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kufunika, vile vya ofisini, kwa sababu sikuwa na vingine vya kazi. Akaniangalia kuanzia chini.

"Mdogo wangu, hivyo viatu unampelekea nani?"

Wanawake wakacheka, nikanuna. Yeye akaingia bandani kwake akaniletea ndala zake za zamani, moja ya kijani, moja ya bluu. Tangu siku hiyo akawa dada. Alinifundisha kuwasha kuni mbichi, kuosha bila kuvunja vichwa, kujua maji yaliyochemka kwa sauti. Kitu kimoja tu hakuweza kunifundisha kwa maneno, nacho ni chumvi.

Sisi wengine tulipima kwa bakuli na bado tulikosea, maana maji hayalingani, dagaa hawalingani, na chumvi ya mawe leo ni kali, kesho imepooza. Yeye hakupima. Alichota kwa mkono wa kulia, akautikisa kidogo ili nyingine irudi kwenye mfuko, akairusha yote mara moja, kisha akachovya kidole na kuonja. "Tayari," alisema, na ikawa tayari. Ikiwa ndogo dagaa wanavunda. Ikizidi wananyonya unyevu usiku na kulegea, na mteja anawatema. Dagaa wake walikuwa wakavu, weupe, ukivunja mmoja unasikia. Kila asubuhi usingekosa kusikia mtu akiita kutoka jiko la mbali, "Dada, njoo utuonjee!" Naye anakwenda, mkono mmoja ameshika khanga, anaonja, anaongeza, anarudi. Hakudai kitu. Alipenda tu kuitwa. Nami nilikaa karibu naye, nikaangalia ule mkono kila siku, mpaka wangu ukaanza kuuiga.

Sasa kuna sheria ya mvua. Haijaandikwa popote. Wingu likitishia, unaanza kuanua chanja za asiyekuwepo, halafu za mgonjwa au mwenye mimba, na za kwako mwisho. Hakuna aliyenikalisha chini kunieleza. Niliijua mwaka wangu wa kwanza, nilipompeleka mwanangu kliniki na mvua ikapiga nikiwa kwenye foleni. Nilirudi nalia njiani. Nikakuta dagaa wangu wote bandani, wakavu, na dagaa wa dada wamelowa chapachapa juu ya chanja zake. Nilipoanza kumshukuru akanikatisha. "Ungekuwepo ungeanua wa kwako mwenyewe. Hukuwepo."

Na kuna turubai. Hilo hata mgeni wa juzi analijua: dagaa waliokauka nusu hawafunikwi kwa nailoni. Wana joto lao ndani. Ukiwafunika wanafukuta, na jua likirudi juu ya turubai unakuwa umewapika mara ya pili, bila maji. Afadhali uwaache wanyeshewe, utawasuuza na kuwaanika upya kesho.

Naeleza haya yote ili isije ikaonekana kwamba sikujua.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu, wakati wa vuli. Shangazi yake dada alifariki Tandale, na asubuhi ile alichemsha haraka, akaanika, akaoga, akavaa baibui. Hakuniambia nimwangalizie dagaa. Hakukuwa na haja ya kuniambia. Aliniuliza tu kama nina sindano, khanga yake ilikuwa imefumuka pindo. Kesho yake alikuwa anakuja mnunuzi mkubwa, mzee mmoja anayepeleka dagaa Kongo. Utaratibu wa yule mzee tuliujua wote: anachukua wa dada kwanza, wote, halafu anazunguka kwetu kujazia gari. Mimi nilikuwa wa kujazia. Kuna siku alinijazia, kuna siku gari lilikuwa limeshajaa.

Saa nane hivi upepo ukageuka. Tulikuwa wachache, wengi walikwenda msibani pamoja naye. Upande wetu nilikuwa mimi peke yangu, na kule ng'ambo ya mabanda walikuwa mama wawili. Matone ya kwanza yalipoanguka, mmoja wao akapiga kelele, "Za dada vipi? Tuje?"

Nikajibu, "Nimeshazishika!"

Sikuwa nimezishika. Nilikuwa nimeshika tenga langu, kwenye chanja yangu.

Nimejaribu mara nyingi kujisaidia katika jambo hili. Nimejiambia nilichanganyikiwa. Nimejiambia nilidhani nina muda wa kuanua zote. Uongo mtupu. Niliangalia chanja zake tatu, nikaangalia zangu mbili, nikamfikiria mzee wa Kongo na nyumba yetu isiyo na bati, nikaanza na za kwangu. Nilianua upesi kuliko siku zote. Nilipomaliza, mvua ilikuwa imechanganya. Ningeweza bado kuziacha zake zinyeshewe, tukasema bahati mbaya. Lakini wale mama wawili wangeona dagaa wamelowa, na mimi nimeshasema nimezishika. Basi nikachukua turubai langu la nailoni, nikazifunika zote tatu na kubana pembe kwa mawe.

Mvua haikufika hata nusu saa. Halafu likatoka jua la kuchoma, lile la baada ya mvua. Nilikaa bandani. Ningeweza kwenda kufunua dakika ile ile, lakini wale mama walikuwa wamesimama nje wakikamua khanga zao, na ingawa banda liliwazibia chanja, turubai likinyanyuliwa lingeonekana. Nikasubiri waondoke. Walipiga soga zao taratibu, na mimi ndani nilikuwa nasikia harufu, au nilidhani nasikia. Walipoondoka nikafunua. Mvuke ulinipiga usoni. Nikawatandaza upya, nikakunja turubai, nikalificha nyuma ya kuni. Dada aliporudi alasiri, macho mekundu kwa kilio, aliwaona dagaa wake juu ya chanja kama alivyowaacha.

"Uliwaanua?"

"Niliwaanua na kuwarudisha."

Akanishika bega. "Mungu akulipe, mdogo wangu." Nikasema amina. Kwa ulimi huu huu.

Asubuhi dagaa wake walikuwa wa manjano na wanateleza. Mzee wa Kongo alichukua mmoja, akajaribu kumvunja, dagaa akapinda kama uzi. Akanusa. Hakusema neno baya, alikuwa mtu mstaarabu. Akamrudisha kwenye chanja polepole, akajifuta vidole kwenye leso, akaja kwangu. Akachukua wote.

Dada alibaki amesimama pale kwenye chanja. Alinusa, akaonja, akatema, akaonja tena. Nilipopita na gunia akaniuliza, si kwa ukali, aliuliza kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Waliloa?"

"Hata tone, dada."

"Sasa ni nini?"

Hapo ndipo kosa langu halisi lilipo. Mvua, turubai, hata kusema nimezishika, hayo yote yangeweza kuishia siku ile. Dagaa wangemwagwa, kesho angechemsha wengine. Lakini niliogopa ule uso wake uliokuwa unatafuta, niliogopa usije ukafika nyuma ya kuni zangu. Nikampa cha kuokota.

"Labda chumvi ilikuwa kidogo. Si ulikuwa na haraka ya msiba?"

Akauangalia mkono wake wa kulia. Aliugeuza, akauangalia na upande wa pili.

"Inawezekana," alisema. "Kichwa hakikuwepo."

Kesho yake aliongeza chumvi. Nilimwona. Alichota, akatikisa, akasita, akachota tena. Dagaa walitoka wakali. Siku iliyofuata akapunguza, akaonja mara tatu, akaongeza. Mtu ambaye hajawahi kufikiri akichota sasa alikuwa anafikiri, na mkono ukifikiri unatetemeka. Wakati wa masika dagaa wake walilegea kwa chumvi, wakawa wanatoa jasho ndani ya magunia. Mzee wa Kongo alijaribu kununua kwake mara mbili tena, kwa heshima ya zamani, kisha akaacha. Akawa anaanza kwangu.

Na sauti za asubuhi zikabadilika taratibu. Mwanzoni walimwita na kumtania, "Dada leo usitupe bahari nzima!" Naye alicheka nao. Halafu wakaacha kumwita. Siku moja nikasikia, "Mama wa Goba, njoo utuonjee!" Nikageuka kuangalia nyuma, kama vile kuna mama wa Goba mwingine. Nilikwenda. Nilionja, nikachota, nikautikisa mkono kidogo ili nyingine irudi kwenye mfuko, nikarusha. Mama mwenye jiko akasema, "Umemchukua dada mtupu!" Alinisifu. Dada alikuwa jikoni kwake, hatua kumi kutoka pale, ameinamia moto.

Nyumba ya Goba tulihamia. Ina bati la rangi, ina veranda, asubuhi naona mabonde mpaka mbali. Mume wangu huwaambia wageni, "Hii kaijenga mama watoto kwa dagaa," nao wananisifu, na mimi nainuka kwenda kuangalia chai ambayo haijaungua. Hata yeye mume wangu sikuwahi kumwambia ya turubai. Nilimpa dada vitu. Sikukuu nilimpelekea mchele, mwanawe nilimnunulia sare, kuni zikiisha kwake nilipeleka zangu. Watu wakaniona nina moyo. Yeye mwenyewe aliniombea dua mbele ya watu, na kila dua niliisikia kama mtu anayenivua nguo.

Mwaka jana binti yake alimaliza kidato cha nne, hakufaulu, akaja pwani kumsaidia mama yake. Msichana mwepesi, ana akili, ana haraka ya maisha. Wiki ya kwanza alinunua bakuli la plastiki jekundu la kupimia chumvi. Asubuhi moja maji yamechemka, dada kwa mazoea akapeleka mkono kwenye mfuko wa chumvi. Binti akamzuia.

"Mama, we weka mkono wako pembeni bwana. Wewe chumvi huijuagi. Sie tunataka kuuza."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema jua linawaka. Majiko yote yalisikia. Wengine walicheka kidogo, si kwa ubaya. Nilisubiri dada amfokee, maana mtoto wa pwani hasemi na mama yake hivyo. Hakumfokea. Alitoa mkono kwenye mfuko, akaupangusa, akauingiza ndani ya khanga, akauacha humo.

Sikulala vizuri kwa siku nne. Nilikuwa naona ile khanga na mkono uliokunjwa ndani yake. Siku ya tano tulikuwa tumekaa wawili bandani kwangu tukichambua, tunatoa vipande na taka, kazi ya mikono tu, na binti alikuwa nje anakoleza moto. Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema siku ile ya msiba wa Tandale nilianua wa kwangu kwanza, wako nikawafunika turubai, jua likawapika, kisha nikakudanganya kuhusu chumvi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Nadhani nilikuwa nayatamani.

Aliendelea kuchambua. Alichambua kiganja kizima cha dagaa mpaka kikaisha.

"Turubai," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Chumvi ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa. Ilikuwa sawa siku zote."

Akavuta pumzi. Sikuona hasira usoni mwake, na ningelipa chochote niione. Alikuwa kama mtu anayefanya hesabu ndefu kichwani: zile asubuhi zote, zile ndoo zote, watani wote, binti yake.

"Kumbe nilikuwa najua," alisema. "Mie nilidhani ni uzee. Nikawa namwambia Mungu, umeninyang'anya mume sijasema kitu, na hiki nacho?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Miaka sita, mwanamke wewe. Unaniona."

Nilianza kuomba msamaha, akainua kidole. "Msamaha utaniomba baadaye, sijui kama ninao. Sasa hivi toka nje ukamwambie mwanangu. Maneno hayo hayo. Usipunguze."

Nikatoka. Maji yalikuwa yameshachemka, binti ameshika bakuli lake jekundu. "Shikamoo mama mdogo," akanisalimia, na mimi nikashindwa kuitikia. Nilimwambia yote pale jikoni, na kwa kuwa sauti yangu ilikuwa inakatika nikalazimika kuipandisha, na mama wa majiko ya jirani nao wakasikia. Mmoja wa wale mama wawili wa siku ile alikuwepo. Aliweka tenga chini akanitazama, nikajua anaikumbuka sauti yangu ikisema nimeshazishika. Nilisimama katikati yao na mikono sijui pa kuiweka.

Binti alimgeukia mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa banda langu. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akaweka bakuli chini, akafungua mdomo wa mfuko wa chumvi kwa mikono miwili, akausogeza mbele ya mama yake.

"Weka wewe, mama. Nisamehe. Weka wewe."

Dada akaja. Akautoa mkono kwenye khanga. Alichota chumvi, akautikisa mkono, nyingine ikarudi, nami moyoni nikasema, hivyo, hivyo hivyo. Akaupeleka juu ya maji. Ukasimama hapo. Mvuke ukampanda mpaka kiwikoni. Akaurudisha kwenye mfuko, akapunguza. Akaupeleka tena. Akaangalia kiganja chake, akaangalia maji, na kila mtu akamngoja. Vidole vilikuwa vinafunguka kidogo na kujifunga.

Halafu akanigeukia mimi. Wanawake wote wale wamesimama, mwanawe amesimama, na aliyemgeukia ni mimi. Akaninyooshea kile kiganja cha chumvi ili nikione.

"Hii inatosha?"

Nilikuwa najua. Kwa macho tu nilijua, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha.

"Ongeza kidogo, dada," nikamwambia.

Akaongeza.